Gari Lililokwenda kwa Fundi

4 Februari 1997

Dada,

Nakuandikia nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya chumba cha mashine juu kabisa ya hospitali, kwa hiyo mwandiko ukienda mrama usimlaumu mwalimu wetu. Lifti ya wagonjwa imegoma tangu asubuhi na ninasubiri waya mpya uletwe. Watu wa hapa hawajui kama nipo mpaka wakwame. Wakishakwama wananiita mhandisi.

Nyumbani kwangu kuzuri. Wifi yako kikohozi kimemwachia, ila bado anakohoa kidogo kila ninapoanza kuongea sana mbele ya wageni. Binti yetu ameingia darasa la kwanza na anarudi na maneno ambayo sisi hatukumfundisha. Msalimie shemeji, na goti lake pia, maana nasikia siku hizi ndilo linaloamua kama atatoka au hatoki.

Sasa nije kwenye shida yangu. Mtoto wa jirani amenunuliwa baiskeli ya magurudumu matatu, na binti yangu amepoteza hamu ya kula. Nikamwambia avumilie, atapata. Akaniuliza, "Baba, wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa na nini?" Nikamjibu nilikuwa na gari. Jekundu, la kukanyaga kwa miguu, lina usukani na honi ya mpira wa kubonyeza. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake naye akajiunga.

Unalijua gari ninalosema. Ni lile la studio ya baba yetu, ambamo Mzee aliwakalisha watoto wa wateja akawapiga picha, na sisi wa nyumbani tukakatazwa hata kuliegemea. Lakini mimi nilikaa mara moja, nikapigwa picha, na picha ikawekwa dirishani ikakaa miaka. Nitafutie picha hiyo, Dada. Nataka mwanangu ajue baba yake si mwongo.

Na nikuambie jambo lingine, tusije tukafichana. Umeniandikia mara nyingi kwamba macho ya Mzee yanakwisha, nije kabla hajashindwa kuniona. Mimi ninachokumbuka ni kwamba alipiga picha harusi za mji mzima, na yangu hakuja. Kitu kimoja alichowahi kunipa bila kukunja uso ni kile kikao ndani ya gari. Kama picha ile ameitunza, nitafunga begi nije. Kama ameitupa, sioni ninachokifuata huko.

Mdogo wako,
Honi


11 Machi 1997

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika mapema kuliko jibu langu, nisamehe. Mwezi huu shule zote zilitaka picha za vyeti kwa pamoja, na mimi ndiye mpokeaji wa wateja, mchanaji wa nywele za watoto, mpigaji, msafishaji na mkata karatasi. Mzee anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango na kuniambia ninakosea. Mara nyingi nakosea kweli.

Shemeji yako anakusalimu. Goti limeamua hatatoka.

Macho ya Mzee ni yaleyale, maana yake yameshuka zaidi. Daktari anasema presha ya macho imekula sehemu kubwa na dawa zinachelewesha tu. Asubuhi ananitambua nikisimama upande wa dirisha. Jioni ananitambua kwa viatu. Bado anaingia chumba cha giza peke yake kuosha picha, na humo ananishinda, kwa sababu humo hakuna aliyewahi kuona kitu. Amezoea.

Duka la picha za rangi limefunguliwa ng'ambo ya barabara. Wana mashine inayotema picha ukiwa umesimama palepale. Mzee ameniuliza mashine hiyo inanuka vipi. Nikamwambia hainuki. Akasema basi hawaoshi kitu.

Kuhusu ile picha, makabati ni mengi na vumbi lake unalijua. Nipe muda. Kwa sasa nimekuwekea hii yako ya kumaliza darasa la saba, ile aliyoipiga mwalimu shuleni. Mwonyeshe mtoto masikio hayo, atasahau habari za gari.

Mkumbatie kwa niaba ya shangazi yake.

Dada yako


30 Machi 1997

Dada,

Masikio yamefika. Wifi yako ameyatundika jikoni, na kila anayeingia kuomba chumvi lazima ayaone kwanza. Ahsante sana.

Lakini sikuomba masikio. Wewe katika studio ile unajua kila bahasha ilipo hata taa zikizimika, halafu unaniambia habari za vumbi? Labda nikueleze picha yenyewe ilivyo, nikurahisishie. Ni kubwa, ya kutundikwa, si ya mfukoni. Nyuma kuna pazia la bustani lenye ngazi za kuchorwa. Gari limegeuzwa kidogo kushoto. Nimevaa shati jeupe, tai ya kipepeo, na ile kofia ya dereva ambayo Mzee aliitunza kwa ajili ya gari tu, imenishuka mpaka karibu na macho. Mkono wa kulia uko kwenye usukani, wa kushoto umeshika mpira wa honi. Nakumbuka mpira ulikuwa wa baridi. Nakumbuka harufu ya kiti, ya ngozi na mafuta ya taa. Mzee alikuwa amejifunika kile kitambaa chake cheusi nyuma ya kamera, na kutoka humo akaniambia, "Inua kidevu." Kwa sauti ya upole, Dada, sauti ya wateja. Nyumbani hatukuwahi kuisikia.

Nilipokuwa nikipita pale dirishani nikienda shule nilijinyoosha. Nilijiona mtu.

Umeniandikia ukurasa mzima habari za macho ya Mzee na mimi sitaandika hata mstari. Nimekwisha kusema nitakachofanya. Picha ikija, nitakuja.

Lifti imepona. Sasa ni mimi mgongo.

Honi


18 Mei 1997

Mdogo wangu,

Natumaini mgongo umenyooka na binti hajambo. Huku tunashukuru. Shemeji yako amesimama wiki iliyopita akaenda mpaka kwa kinyozi, akarudi anatembea kama bwana harusi.

Kaa chini kwanza, usisome huku umesimama.

Wiki mbili zilizopita aliingia mtu mzima mnene, mwenye duka la mbao lile la kona, tunamwita Mwenye Mbao. Utamkumbuka kama mtoto wa fundi cherehani aliyekuwa akitushonea sare. Alivaa suti siku ya kazi. Akaniamkia vizuri, akasafisha koo, akasema, "Dada, nimekuja kuulizia gari langu."

Nikamuuliza gari gani. Akasema lile jekundu. Alikuwa nalo utotoni, akaendesha siku moja, kisha marehemu baba yake akamwambia limepelekwa kwa fundi. Kila alipolia aliambiwa bado lipo kwa fundi. Akakua, akaona aibu kuuliza tena. Sasa amepata mjukuu, na juzi alipokuwa akipita hapa mlango ukiwa wazi, akaliona kule ndani kwenye kona. Kumbe fundi ni sisi.

Nilitaka kucheka na sikuweza. Macho yake yalikuwa ya mtoto, na mwili ule wote. Akatoa picha kwenye bahasha ili nisidhani ananidanganya. Ilikuwa kubwa, ya kutundikwa. Pazia la bustani lenye ngazi. Gari limegeuzwa kushoto. Shati jeupe, tai ya kipepeo, kofia imeshuka karibu na macho. Nyuma mama yake ameandika siku na umri wa mwanawe.

Ndiyo hiyo iliyokaa dirishani, mdogo wangu. Fundi cherehani alikubali Mzee aiweke kwa sababu ilitoka vizuri, na kofia ile ilimfanya kila mtoto afanane na mwenzake. Ya kwako haipo. Nilijua tangu ulipoandika mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika namba kwenye bahasha za negativu nikitoka shule, na hakuna namba yako. Wala yangu. Nilikuwa nakuzungusha nikitumaini utachoka kuuliza na bado utakuja.

Nakuomba uje hata hivyo. Hataki kukuona kwenye picha, anataka kukuona wewe, na muda ni mfupi.

Usiniulize nilimjibu nini Mwenye Mbao. Nilimwambia gari bado halijatengemaa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetarajia hivyo, akasema atapita tena.

Dada yako


20 Juni 1997

Dada,

Barua yako nimeipata. Huku wote wazima, na ninyi tunawaombea vivyo hivyo.

Kazi ni nyingi, wanaongeza lifti ya pili jengo la wazazi. Sidhani nitapata likizo mwaka huu.

Binti hajauliza tena habari za gari.

Honi


7 Agosti 1997

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako iliyo fupi kuliko kadi ya mwaliko. Wifi nimsalimieje kama hata jina la kikohozi chake hukulitaja? Msalimie tu.

Nilikaa nayo muda. Halafu nikafanya ambalo hukuniomba, ukitaka kukasirika kasirika ukiwa umeshamaliza kusoma. Nilimsomea Mzee barua zako, tangu ya kwanza. Hata ile ya harusi sikuiruka. Tulikuwa ndani ya studio, nimeshafunga mlango wa mbele, nimemaliza kulifuta gari kama kila siku. Alisikiliza mpaka mwisho na mikono yake magotini. Nilipofika kwenye harufu ya mafuta ya taa akanisimamisha.

Akasema, "Alikaa."

Nikamwambia, "Baba, nimepekua bahasha zote. Hakupigwa."

Akasema, "Sijasema alipigwa. Nasema alikaa."

Nakuandikia alivyonieleza, sijaongeza chumvi. Fundi cherehani na mkewe walimleta mwana wao kupigwa picha, na mtoto alipoona kile kitambaa cheusi akapiga mayowe. Akakataa gari, akakataa kofia, akamshika mama yake gauni. Wewe ulikuwa umejibanza nyuma ya pazia, mahali ulipokuwa umekatazwa. Mzee akakuvuta kutoka huko, akakuvalisha kofia na tai, akakuweka ndani ya gari, ili yule mwenzako aone hakuna kinachouma. Na maadamu umekaa, akakutumia kupangia taa na kulenga kamera. Ndiyo ilikuwa kazi yake, lazima mtu akae kwanza ndipo ajue kivuli kinaangukia wapi. Ulibonyeza honi. Mtoto wa fundi akanyamaza. Basi wewe ukatolewa, yeye akaingizwa, na filamu ikawekwa kwa ajili yake.

Unaelewa, mdogo wangu? Mpira ulikuwa wa baridi kweli, na kidevu uliambiwa uinue. Kumbukumbu yako haina kosa lolote isipokuwa picha.

Nikamuuliza, "Kwa nini usimpige na yeye moja, Baba?" Akasema wateja walikuwa wanasubiri, na filamu ilikuwa ya kazi, na kila siku alijiambia ninyi mpo, hamwendi popote, nitawapiga siku yoyote. Akarudia hilo neno, siku yoyote.

Halafu akaniambia jambo ambalo nimelishika tangu siku ile. Unakumbuka kioo cha nyuma ya kamera kubwa, ambacho mtu alionekana kichwa chini miguu juu? Alisema, "Nilimwona kwenye kioo. Nilichelewa kumtoa. Alikaa vizuri kuliko watoto wote niliowahi kuwaweka pale, na nilikuwa chini ya kitambaa peke yangu, hakuna aliyeniona namwangalia. Mwambie nilimwona."

Basi nimekuambia. Asubuhi sasa hanitambui hata upande wa dirisha. Bado anaona mwanga ukizibwa mtu akipita. Ukitaka akuone ukipita, usingoje lifti ya pili.

Dada yako


2 Septemba 1997

Dada,

Nimeomba ruhusa, wamekataa. Nikamwambia bosi wangu basi lifti yako ikikwama panda ngazi. Wamenipa wiki mbili za Novemba.

Tunakuja watatu. Binti anakuja na swali, usimkatishe. Shemeji aniandalie lile goti tulipime na mgongo wangu.

Barua yako niliisomea mle chumba cha mashine, na vyuma vyote vile vikipiga kelele nilishukuru kwamba hakuna aliyenisikia. Usimwambie Mzee hilo. Au mwambie.

Mfiche gari Mwenye Mbao, asije akalichukua kabla sijafika.

Honi


14 Desemba 1997

Dada,

Tumefika salama. Njia nzima binti alikuwa akipiga honi kwa mdomo, na abiria walituvumilia mpaka kituo cha mwisho kabisa, hapo bibi mmoja akasema sasa yatosha. Wifi yako anasema nyumba yetu imekuwa ndogo tangu tutoke kwenu. Mimi naona ni yeye aliyekula sana. Nimeandika kwa sauti ya chini.

Kuna mambo sikuweza kukuambia pale uwani mbele ya watu, naandika.

Njia nzima ya kuja nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Mzee kuhusu harusi yangu. Nilikuwa nayo yamepigwa pasi. Nilipoingia na kusimama kwenye mwanga wa mlango, akageuza uso, akasema, "Huyo ni mrefu kuliko niliyemtoa garini." Yakapotea yote. Ni yeye aliyeanza, siku ya pili, wewe ukiwa sokoni. Akasema, "Harusini kwako sikutaka kuja kama fundi picha, na sikujua namna nyingine ya kuja." Nilimmiminia chai nyingine, tukanywa. Nadhani ndiyo ilikuwa harusi.

Sasa habari ya mkanda. Unajua siku ile ya mwisho alivyotaka kamera ndogo, tukaipakia filamu, akakataa katakata kushikwa mkono. "Siku yoyote ndiyo leo," akasema. Mimi nikajikunja ndani ya gari lile, magoti yakifika masikioni, na masikio yangu unayajua. Kofia ikanikaa juu kama kifuniko cha chupa. Binti akalia kwa kucheka. Mzee akawa ananiuliza niko wapi, nabonyeza honi, naye analenga mlio. Na ule mpira mpya mliouweka unalia kama bata, lakini ulikuwa wa baridi vilevile. Akamaliza mkanda mzima, akanikabidhi nije kuuosha huku, kwa sababu dawa zenu zilikuwa zimekwisha na ng'ambo ya barabara hataki kusikia.

Nimeuosha, kwa fundi mmoja wa hospitali anayeshughulika na picha za mifupa. Nikakaa naye tukitazama zikitokea. Ya kwanza ni dari. Ya pili ni pazia la bustani, ngazi tupu. Kuna moja ya kiatu changu, nzuri sana, kamba zimeonekana zote. Kuna ukuta, ukuta tena, na mkono wa binti yangu bila binti yangu. Nimejitafuta mkanda mzima, Dada. Simo. Nilicheka hadi yule fundi wa mifupa akaniuliza kama ninahitaji kiti. Watu wengine hukosa picha kwa sababu hawakupigwa, mimi nimekosa hata nilipopigwa.

Lakini imetoka moja, iliyo sawasawa, taa mahali pake, kila kitu mahali pake. Nimekuwekea humu. Umepiga magoti ubavuni mwa gari, kitambaa mkononi, unafuta mlango. Sikumbuki ni saa ngapi ulisogea. Nadhani nilikuwa nimetoka kwenda kujinyoosha mgongo. Mzee alisikia kitambaa kinapita juu ya bati, mlio anaoujua miaka yote, akabonyeza. Uso wako umeuinamisha, unatabasamu peke yako. Nilipoipata mkononi niliigeuza kichwa chini, nione alivyokuwa akituona.

Ndipo nikagundua kwamba kuna swali ambalo maisha yangu yote sikuwahi kukuuliza. Mimi nililia kwa ajili ya gari lile, Mwenye Mbao alililia, na nusu ya mji huo wanadhani lilikuwa lao. Wewe uliyekuwa ukilifuta kila siku, sijawahi kusikia ukisema kitu. Uliwahi kukaa?

Honi


9 Januari 1998

Mdogo wangu,

Tumeanza mwaka vizuri. Shemeji yako anadai goti lilipona siku mliyoondoka, kwa hiyo mjisikie kama mnavyotaka. Mwambie binti kwamba baiskeli yake nimesikia habari zake kwa wifi, na kwamba hata baiskeli ikifika, honi ya mdomo asiiache.

Mwenye Mbao amepita tena na mjukuu. Safari hii hakuuliza gari limefikia wapi. Alimwinua mtoto, akamkalisha ndani, akasimama pembeni ameshika kofia yake kifuani. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, uongo wa fundi niliujua zamani. Nilipenda tu kuwa bado linatengenezwa." Nikamwambia ataambiwa likiwa tayari. Mzee amekubali aje na mtoto kila Jumamosi.

Picha nimeiona. Sikujua kwamba ninapofuta gari huwa na uso ule. Nimeificha, nimeitoa, nimeificha tena, mwishowe nimeiweka dirishani, pale ilipokuwa ile nyingine. Watu wananiuliza ni nani. Nawaambia ni wa nyumbani.

Swali lako nimechelewa kulijibu kwa sababu kwa kweli hakuna aliyewahi kuniuliza, na sikujua jibu lake liko kabati gani. Hapana. Sikuwahi kukaa. Mzee akienda kula, mama akiwa jikoni, ninyi mkiwa shule ya mchana, nilibaki mimi na gari na mlango umefungwa. Ningekaa hata kila siku, na nani angejua? Nililitamani kuliko wewe, kwa sababu nililigusa. Nilijua kila mkwaruzo. Lakini sikutaka kuiba kikao. Nilikuwa nangoja kuitwa.

Nilimsomea Mzee barua yako yote, na swali lenyewe likiwemo, na nikasoma na jibu langu nililokuwa nimeliandika hapo juu. Sikukusudia kulisoma. Lilikuwa linafuata tu.

Alishika mkongojo, akaenda mwenyewe mpaka kwenye kamera kubwa kule nyuma, ambayo haijafunguliwa tangu macho yaanze. Akapapasa mpaka akakipata kile kitambaa cheusi. Nikamwambia, "Baba, humo hakuna filamu." Akasema anajua. Nikamwambia, "Na huoni." Akasema anajua na hilo.

Akajifunika. Kisha kutoka humo ndani akaniita, akaniambia nikae.

Mimi ni bibi wa miaka hamsini, mdogo wangu, nina nyonga. Nilitoa viatu. Nililikalia lile gari nusu ndani nusu nje, mguu mmoja umebaki sakafuni kama wa mtu anayepanda punda, nikashika usukani. Sikubonyeza honi. Nilikaa tu. Kitambaa kile hakikutikisika kwa muda mrefu, nikajua ananipangia taa.

Halafu nikaisikia, ile sauti uliyoniandikia. Akaniambia niinue kidevu.

Nikainua.

Dada yako